Lenzi Moja

Ijumaa ile Karani alikuwa akisafisha begi la kamera alipoikuta kadi ya kliniki. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kusukumwa ndani ya kifuko cha betri, mahali ambapo mtu huweka kitu asichotaka kionekane lakini hana moyo wa kukitupa.

Karani hakuwahi kuwa karani wa ofisi yoyote. Jina hilo alilipata kwa mumewe, kwa sababu katika kila kazi yeye ndiye aliyeshika daftari: nani kapigwa, kasimama na nani, nakala ngapi. Mumewe naye mtaani hakuwa na jina jingine zaidi ya Lenzi Moja. Walioanza kumwita hivyo ni wapiga picha wenzake, na hawakukusudia kumsifu. Wao walitembea na lenzi tatu nne begini, hii ya sura, hii ya mbali, hii ya ukumbini. Yeye alikuwa na moja tu, ya bei ya mnyonge, aliyoinunua mkononi mwa mtu, ya kuvuta na kurudisha. Ukiirudisha, inameza ukoo mzima pamoja na mti walioegemea. Ukiivuta, inakuletea kope za bibi harusi kutoka mlangoni. Tangu alipoivika kwenye kamera hakuwahi kuivua, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kuvika. Walipomcheka aliwajibu neno lile lile, kwamba mwenye lenzi nne akimaliza kubadilisha, mtu ameshaacha kucheka.

Na kicheko ndicho alichokiuza. Lenzi Moja hakubonyeza mpaka mtu acheke. Angekaa pale, jicho limegandana na kamera, akinong'ona, "Bado... bado... hapo. Umecheka. Usisogee." Wapo waliokuwa wakija studio yake, kile chumba cha mbele chenye kitambaa cha buluu na kigoda, ili wasikie tu neno hilo, ingawa kwenye simu zao walikuwa na picha zao wenyewe maelfu.

Karani aliikunjua kadi. Kisukari. Jicho la kushoto: haoni. Jicho la kulia: linapungua, halitarudi. Chini, kwa mwandiko mwingine, paliandikwa: aje na ndugu. Tarehe ya kuja na ndugu ilikuwa imepita kwa miezi mitatu, na ndugu mwenyewe ndiye huyu aliyekuwa akiisoma sasa. Yeye aliambiwa kwamba hospitali wamesema abadilishe miwani.

Akasikia mlango wa uani. Aliirudisha kadi, akashika kitambaa, akaanza kuipangusa lenzi kana kwamba hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo muda wote, akiisugua ubavuni kwa dole gumba, juu chini, juu chini, huku macho yake yako mlangoni. Mumewe aliingia akauliza kama amemaliza. Akasema amemaliza. Lenzi Moja akanyoosha mkono, akakigusa kiti, ndipo akakaa. Alikuwa akifanya hivyo tangu mwanzo wa mwaka, na Karani aliona kila siku, na kila siku alijiambia ni uzee.

Alitaka kumuuliza pale pale. Lakini kesho yake ilikuwa safari ya Bibi.

Kazi ya Bibi ililetwa na Kitindamimba wake, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyekesha na mgonjwa. Watoto walikuwa sita. Watano wako ng'ambo, wa sita alibaki na mama. Mama alikuwa ameanza kuwasahau. Si wote kwa mkupuo. Alikuwa akimwacha mmoja leo, mwingine baada ya mwezi. Sasa ndugu wote walikuwa wanakuja kwa siku tatu, na Jumamosi wangekodi basi dogo wampeleke mama kwenye nyumba ya zamani mlimani walikozaliwa.

"Nataka kila mtoto na mama yake," alisema. "Sura kubwa. Nibandike ukutani pembeni ya kitanda na majina chini yake. Akiona picha ya mtu peke yake anasema ni ya gazeti. Lakini akijiona yeye mwenyewe amemshika, ataamini ni wake."

Wapiga picha wawili walikwisha kumkataa, kwa sababu basi ni dogo na vyombo vyao ni vingi. Lenzi Moja aliinua kamera yake juu akamwambia kwamba studio yake nzima inaingia kwenye mapaja. Kitindamimba alicheka, na Karani alimwona mumewe anavyofurahia kicheko hicho.

Hiyo ndiyo sababu alinyamaza. Tena alijipa hoja, maana mtu akitaka kunyamaza hakosi hoja. Lenzi hii inajitafutia yenyewe, alijiambia. Unaielekeza kwenye uso, inauzunguka, inaukamata, inaukaza. Mwenye kamera kazi yake ni kuelekeza tu. Kama mumewe ameweza miezi mitatu, ataweza na kesho. Keshokutwa wataongea.

Basi dogo lilijaa watu, maji ya kunywa na viti vya kukunja. Bibi alikaa mbele, amefungwa mkanda, akiuliza kila baada ya kona wanakwenda kwa nani. Wanawe walikuwa wakijibu kwa zamu, kwa uvumilivu wa watu wanaoondoka kesho. Kitindamimba peke yake hakujibu, alikuwa amechoka.

Walipofika mlimani, mmoja wa mabinti alitoa simu, na Kitindamimba akamwambia airudishe. Aliwaambia wote. Leo hakuna atakayemtazama mama kupitia simu, picha zina mwenyewe. Wakazizima, wengine kwa kunung'unika. Karani aliliona hilo likitendeka na hakulipa uzito.

Lenzi Moja alifanya kazi siku ile kama kijana. Alipiga magoti kwenye majani, alipanda kwenye ukuta uliobomoka, alirudi kinyumenyume bila kutazama nyuma na Karani akamshika shati kabla hajakanyaga shimo. Ukoo mbele ya nyumba: anairudisha lenzi. Mkono wa Bibi kwenye bega la mwanawe: anaivuta. Hakuna kusubiri, hakuna kufungua begi, hakuna kumwambia mtu "hebu rudia". Mzee na kifaa chake walikuwa wamezoeana hata ungedhani vidole vyake vimeota kwenye ile duara ya kuivutia lenzi.

Zamani kamera ile ilikuwa ikilia ti-ti kila ilipoukamata uso. Ila siku moja mazishini kiongozi wa dini alikatisha maombi akamtazama, na waombolezaji wote wakamtazama, na toka hapo aliuzima ule mlio usisikike tena. Kwa hiyo siku nzima ya mlimani kamera ilikuwa kimya, na hakuna aliyeona ajabu.

Saa nane mchana ilifika zamu ya mtoto wa kwanza, mzee mwenyewe sasa, ana mvi na koti la gharama. Bibi alimpapasa shavu akamwita kwa jina la kaka yake yeye mwenyewe Bibi, aliyekufa zamani. Mtoto wa kwanza hakumsahihisha. Alifumba macho, na machozi yakaanza kumshuka bila sauti.

"Bado," alisema Lenzi Moja, kamera imeganda usoni. "Bado... hapo. Umecheka. Usisogee."

Wachache waliogeuka waliona ni mzaha wa mzee, njia yake ya kumwondolea mtu huzuni. Karani alikuwa amesimama hatua mbili kando, daftari mkononi. Alimtazama mtu anayelia, akamtazama mumewe, akaandika jina la mtoto wa kwanza na mbele yake "na mama".

Jioni Kitindamimba aliomba aoneshwe hata moja kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Lenzi Moja akamwambia chungu cha watu hakifunuliwi kabla hakijaiva, na wote wakacheka, kwa kuwa siku ilikuwa nzuri na Bibi alikuwa amelala amemwegemea mtoto wake wa tatu. Karani naye hakuomba kuoneshwa.

Jumatatu asubuhi alichomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta yao kongwe na kungoja izifungue picha. Lenzi Moja alikaa nyuma yake na kikombe cha chai. Wale ndugu watano walikuwa wamesafiri usiku wa Jumapili, kila mmoja na ndege yake.

Picha ya kwanza ilikuwa mlima. Kila jiwe la mlima lilihesabika. Mbele ya mlima palikuwa na watu wawili walioyeyuka. Karani alifikiri kompyuta haijamaliza kufungua, akangoja. Ilikuwa imemaliza. Akafungua ya pili, ya kumi, ya hamsini. Zile za ukoo mzima, zilizopigwa kwa mbali, zilivumilika, isipokuwa watu walikuwa wadogo kama punje. Zile za sura, zile alizozivuta, zote zilikuwa ukungu. Nyuma ya ukungu palikuwa na majani unayoweza kuyachuma, matofali ya nyumba ya zamani, kamba ya kuanikia nguo na mafundo yake. Sura hakuna. Bibi alikuwa doa la kitenge chenye mkono, na mtoto wake wa kwanza doa la koti.

Alizipitia zote, mia sita na ushei. Nyuma yake chai ilinyweka taratibu.

"Zimetokaje?" aliuliza Lenzi Moja.

"Zina ukungu kidogo."

"Mlimani asubuhi ukungu upo."

"Na za mchana."

Karani hakugeuka. Aliogopa kuuona uso wake, na aliogopa zaidi yeye kuonwa, kisha akakumbuka kwamba hilo la pili halikuwa na haja ya kuogopwa.

"Basi lenzi imekufa," alisema mumewe hatimaye. "Kitu cha mkononi kina siku zake."

"Itakuwa lenzi," alisema Karani, haraka mno.

Wote wawili wakalikumbatia neno hilo. Lenzi imekufa. Lenzi inaweza kununuliwa nyingine. Walikuwa bado wamelikumbatia mlango ulipobishwa.

Kitindamimba hakuja peke yake. Bibi hakuweza kuachwa nyumbani, kwa hiyo alikuja naye, akamkalisha kwenye kigoda cha wateja mbele ya kitambaa cha buluu. Bibi alinyoosha mgongo na kuweka mikono mapajani, akingoja apigwe picha.

Lenzi Moja alisimama ili amwambie mwenyewe. Tangu harusi yao Karani hakuwahi kumsikia akitafuta maneno. Alisema chombo kimemwangusha. Alisema katika kazi yake yote hajapata kuona kitu kama hiki, na Karani akatamani angechagua maneno mengine. Kitindamimba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kuona. Akavuta kiti mbele ya kompyuta, akapitia picha mojamoja kama alivyozipitia Karani, akingoja kwenye kila moja kidogo, ikiwa labda itajirekebisha.

Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Hii si ndiyo ya kaka mkubwa?" aliuliza.

Karani alitazama daftari, akasema ndiyo. Yeye ndiye aliyejua nani ni nani katika madoa yale, kwa kuwa aliandika.

Kitindamimba akaigeuza kompyuta kuelekea kigoda. Pengine alitaka kujaribu tu. Pengine alitumaini kwamba jicho la mama lina njia zake. "Mama, huyu ni nani uliyemshika?"

Bibi aliinama mbele. Alitazama kwa muda mrefu, kwa bidii, midomo ikitembea. Kisha mikono yake mapajani ikaanza kutafutana.

"Na huyu nimeshamsahau," alisema.

"Hapana mama. Picha ndiyo mbaya."

"Usinifariji, mwanangu. Nioneshe mwingine, huenda huyo nitamjua."

Akaoneshwa mwingine, kwa kuwa aliomba. Akaoneshwa wa tatu. Kila mmoja alimtazama kwa bidii ile ile, na kila mmoja akasema naye kaenda, mpaka Kitindamimba akaifunga kompyuta kwa kiganja. Bibi alilia kama watoto wanavyolia wakiwa wamechoka, bila kujificha. Alikuwa anaomba radhi. Aliwaomba radhi watu wote mle ndani.

Lenzi Moja alisimama katikati ya studio yake, ameuelekea upande sauti ilikotoka. Alisema atarudisha kila alichopewa, hata ikibidi kidogo kidogo.

"Zile pesa walichanga ndugu zangu," alisema Kitindamimba, akimwinua mama yake. "Wakiuliza nitawaambia picha zimetoka nzuri. Wako mbali, hawatakuja kuangalia ukuta."

Mlangoni alisimama. Karani alidhani sasa atasema lile walilostahili kuambiwa, lakini alikuwa tu anamfungia Bibi kifungo cha sweta.

Fundi saa alikuwa na meza yake koridoni, kati ya muuza vitasa na mlango wa choo cha kulipia. Saa, redio, kamera, zote kwake zilikuwa mashine. Jumanne hiyo alikuwa na mteja mmoja mbele, mzee aliyepakata saa ya ukutani. Lenzi Moja aliweka kamera mezani akaeleza kwa sauti ya mtaalamu kwamba mota ya lenzi imekufa, na kwamba anataka kujua kama inatengenezeka au atafute nyingine. Njiani alikuwa ameizungumzia hiyo nyingine kwa furaha kidogo. Ingekuwa ya kuvuta na kurudisha vilevile.

Fundi aliinua kamera, akachungulia, akaigeuza ubavu. Akacheka kidogo puani, kwa wema, kama fundi anayeletewa redio isiyochomekwa. Kwa ukucha wa kidole kidogo akasukuma kitu. Kika.

"Haina ugonjwa, mzee. Hapa palisogezwa." Akaonesha ubavuni mwa lenzi kijiswichi kidogo kuliko punje ya mchele, chenye herufi mbili. "Ikiwa kwenye A inajitafutia. Ikiwa kwenye M inakungoja wewe utafute kwa mkono. Imekuwa kwenye M. Lazima mtu aliipitishia kidole, hata kwa kuifuta tu."

Karani alilitazama dole gumba lake. Akaiona Ijumaa: kitambaa, kadi ndani ya kifuko cha betri, mlango wa uani, juu chini, juu chini. Aliona kwamba ana njia mbili na zote zinaishia pale pale. Akinyamaza, mumewe ataonekana ndiye mzembe. Akisema, atasikia swali ambalo lazima litafuata. Alichagua kusema, kwa sababu angalau hilo lilikuwa la kweli.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa naisafisha Ijumaa. Nilikuwa na haraka. Ni mimi niliyeisogeza."

"Haya basi, mhalifu tumempata," alisema fundi saa, bado anatabasamu, akibonyeza vitufe. "Nimekuwashia na mlio, ili siku nyingine ikinyamaza ujue." Kisha uso wake ukabadilika taratibu, akili ya fundi ikifuata njia yake bila kumtaka ruhusa. "Lakini mzee, si ulikuwa unachungulia? Siku nzima? Ndani humu si kungekuwa na ukungu mtupu. Hukuona?"

Muuza vitasa alikuwa akigonga kitu, akaacha. Lenzi Moja alinyoosha mkono aichukue kamera, na mkono ukapita kando ya kamera, ukagusa kopo la misumari, ukarudi. Fundi saa aliutazama mkono ule. Akainamisha macho, akaisukuma kamera polepole mpaka ikagusa vidole vya mwenyewe.

"Hakuna malipo," alisema.

Yule mzee wa saa ya ukutani aliona vema aseme neno la kufariji. Alisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ni methali nzuri, na aliyeitunga alikuwa mtu mwenye hekima, ila hakuwa mpiga picha.

Walitembea kurudi nyumbani. Karani alimshika kiwiko, na kwa mara ya kwanza mumewe hakukivuta. Walipita duka la dawa, wakapita ukuta wenye mabango, kamera ikiwagonga mbavuni kwa zamu. Walipofika palipokuwa kimya kidogo, Lenzi Moja alisema:

"Uliiona kadi."

"Niliiona."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Siku moja kabla ya mlima."

"Siku moja kabla."

"Na ukaniacha nikaenda."

Karani alikuwa na majibu. Kwamba mumewe ndiye aliyeficha kwanza, miezi mitatu, chini ya betri. Kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwamba alimwonea huruma. Majibu yote yalikuwa ya kweli, na hata moja halikumrudishia Bibi mtoto wake wa kwanza.

"Nilikuacha," alisema.

Mumewe alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeletewa hesabu na kuikuta haina kosa.

Studio ilikuwa na mwanga mzuri saa ile. Lenzi Moja aliujua kwa joto lake kwenye ngozi. Alisimama ambapo alisimama miaka yote, unyayo wake umeichimba kidogo sakafu, akamwambia mkewe akakae kwenye kigoda.

"Ya nini?"

"Kaa tu, Karani. Wewe umeandika wote, hujaandikwa."

Ilikuwa kweli. Katika maelfu yale ya picha yeye hayumo, labda kivuli chake na ncha ya daftari. Akakaa. Alijaribu kuweka mikono mapajani, akakumbuka mikono ya Bibi, akaiacha ining'inie. Mumewe aliinua kamera, akaiegemeza kwenye jicho la kulia, lile linalopungua, akairudisha lenzi mpaka mwisho, kisha akaanza kuivuta taratibu kumwendea.

"Bado," alisema.

Karani alimwona mzee anayemtafuta. Lenzi ilisogea mbele kidogo, ikarudi, ikasogea tena, ikiuzunguka uso wake.

"Bado."

Hakuweza kuzuia. Machozi yalitoka yenyewe, yakapita kwenye mashavu, yakafika kidevuni, na hakuinua mkono kuyafuta kwa kuwa alizoea kumsikia akiwaambia watu wasisogee.

Ti-ti, ililia kamera. Lenzi Moja alingoja. Midomo yake ilifunguka kusema lile neno lake, neno ambalo watu walivuka mitaa kulifuata, ikafungika, ikafunguka tena. Alibonyeza bila kulisema. Kisha akaishusha kamera, akanyoosha mikono yote miwili mbele, akampa.

"Hebu niambie," alisema. "Umecheka?"

Karani alitazama kioo cha nyuma cha kamera. Picha ilikuwa safi, kali, haina hata chembe ya ukungu. Alihesabu nywele zake nyeupe moja moja. Aliona mikunjo ya shingo aliyokuwa haijui, jicho jekundu, na tone limesimama kidevuni, halijaanguka, na ndani ya tone dirisha la studio.

"Nimecheka," alisema.

"Sana?"

"Mpaka meno yote yanaonekana."

"Basi hiyo usiifute." Akapumua. "Wale wateja wengine wanaongoja zamu kwenye daftari, wapigie uwaambie watafute mtu."

Aliichukua tena kamera akaipakata mapajani. Alitaka kuivua lenzi. Vidole vyake vilizunguka shingo ya kamera vikitafuta kile kitufe cha kuifungulia, ambacho katika miaka yote hakuwahi kukibonyeza, wala hakukumbuka kiko upande gani. Karani alikishika kidole cha mumewe akakiweka juu ya kitufe.